Makopo Yasiyo na Lebo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alitoboa makopo ya maziwa. Mama yake aliuza chai kwenye kibanda kando ya kituo cha mabasi, na chai hiyo ilitiwa maziwa ya kopo, mazito na matamu. Chiriku alichukua msumari na nyundo ndogo, akatoboa kila kopo matundu mawili, moja la kumimina na jingine la kupitisha hewa. Ukitoboa moja tu, maziwa hugoma kutoka, na wateja wa asubuhi hawana subira. Siku za kawaida alitoboa makopo sita. Mwezi ule alitoboa mawili, na siku nyingine moja.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu chiriku ni ndege asiyejua kunyamaza. Alikuwa mtoto mwenye akili na heshima, mwepesi wa kutumwa, ila kinywa chake hakikuwa na mlango. Neno likiingia sikioni asubuhi, adhuhuri lilikuwa limeshazunguka shule nzima na kurudi kwake likiwa limenenepa.

"Mizani amepandisha tena," mama alisema asubuhi hiyo huku akikoroga sufuria. Mizani alikuwa mwenye duka kubwa kuliko yote pale mtaani, na watu walimwita hivyo kwa sababu alipima kila kitu, hata ndizi moja. "Bei ya makopo mawili ya mwezi uliopita, leo unapata kopo moja. Tena anakupa akikutazama kama vile umemwomba figo."

Baba alicheka kidogo. Yeye alikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha maziwa ya kopo kilichokuwa nyuma ya gereji, na kwa miaka kumi na miwili funguo za ghala zilikuwa mfukoni mwake.

"Si Mizani peke yake," alisema. "Malisho yamekauka, ng'ombe hawana maziwa. Zamani magari matano ya maziwa yaliingia kiwandani kila siku, sasa yanaingia mawili. Na bati za kutengenezea makopo zimechelewa. Maziwa yakiwa machache na wanywaji ni wale wale, bei itapanda tu. Kiwanda hakiwezi kukamua mawingu."

Chiriku alisikia yote hayo. Laiti angeyasikiliza pia.

Jumatano walimu walikuwa na mkutano, shule ikafungwa adhuhuri. Mama akamtuma apeleke chakula cha baba kiwandani. Mlinzi wa getini alimfahamu, akampungia mkono apite. Baba alikuwa mlangoni pa ghala la nyuma, ameshika daftari na kijiti kifupi cha mbao.

"Kaa hapo kwenye benchi," baba alimwambia. "Nakwenda ofisini kutia sahihi, narudi sasa hivi. Ndani usiingie, si pa watu."

Alipoondoka, baba aliusindika mlango lakini hakuufunga kwa ufunguo. Chiriku alikaa kwenye benchi. Akahesabu vigae. Akahesabu vidole. Kisha akasimama kunyoosha miguu, na miguu ikampeleka moja kwa moja hadi mlangoni.

Ndani kulikuwa na ubaridi na kimya. Na kulikuwa na makopo. Yalikuwa yamepangwa juu ya mbao, safu juu ya safu, hadi karibu na dari, yote meupe, yanang'aa, hayana lebo hata moja. Hakukuwa na ile karatasi ya buluu yenye picha ya ng'ombe anayetabasamu. Kila rundo lilikuwa na kipande cha ubao kilichoandikwa tarehe kwa chaki, basi. Chiriku alisimama akiwa ameachama. Mji mzima ulikuwa unalilia maziwa, na maziwa yote yalikuwa hapa, yamelala gizani.

Aliposikia hatua za baba alichomoka, akarudi kwenye benchi na kuweka mikono mapajani kama mtoto wa picha.

Siku mbili nzima alikaa na jambo hilo, na kwa Chiriku siku mbili ni mfungo mrefu. Ijumaa, wakati wa mapumziko, wasichana walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Binti wa Mizani alikuwa akila mkate wake taratibu ili kila mtu auone.

"Kwetu sisi hatukosi maziwa," alisema. "Baba akitaka kukuuzia anakuuzia. Asipotaka, unarudi na kikapu chako. Jana nilimwona mama wa mtu hapa alivyorudishwa."

Wasichana walimgeukia Chiriku. Ni kweli, mama yake alikuwa amerudishwa jana, na binti huyo alikuwa amesimama nyuma ya kaunta. Chiriku alihisi masikio yake yanawaka.

"Baba yako ana makopo kumi rafuni na anajiona," alijibu. "Baba yangu ana ghala zima, limejaa mpaka darini. Nimeyaona kwa macho yangu. Hayana hata lebo. Yamefichwa, yanangoja bei ipande."

Makopo alikuwa ameyaona kweli. Lakini kwamba yamefichwa, na kwamba yanangoja bei, hakuona wala hakuambiwa na mtu. Maneno hayo yalimjia ulimini yenyewe, kwa sababu bila hayo hadithi ingekuwa fupi. Binti wa Mizani aliacha kutafuna. Kwa muda wa dakika tano, Chiriku alikuwa mtu mkubwa.

Jioni hiyo binti alimweleza baba yake. Mizani alisikiliza akikuna kidevu. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akisikia kwamba mwenye mali anaficha mali akingoja bei, hufikiri hivi: basi mimi ninayeuza leo ni mjinga wa mwisho. Kabla ya kufunga duka, alishusha makopo yote rafuni na kuyapeleka chumbani kwake. Asubuhi akamnong'oneza jirani yake, muuza sukari. Muuza sukari akamnong'oneza shemeji yake. Wote wakashusha makopo yao.

Kwa hiyo Jumamosi mama wa Chiriku alizunguka soko zima na kikapu, akarudi na kikapu kitupu. Si kwamba bei ilikuwa kubwa. Hapakuwa na bei, kwa sababu hapakuwa na kopo. Aliwauzia wateja chai nyeusi.

"Mama, chai yako leo iko msibani?" dereva mmoja alimuuliza, na wenzake wakacheka. Wakanywa nusu, wakaondoka. Jumapili hawakurudi. Mama alikaa kibandani na vikombe vyake safi, akivifuta tena na tena.

Chiriku aliviona vikombe hivyo. Jambo fulani lilimkwaruza kifuani, lakini akajiambia kwamba yeye alisema maneno machache tu, shuleni, kwa watoto.

Jumatatu baba alirudi kabla ya wakati. Shati lake lilikuwa limekatika vifungo viwili. Aliketi kwenye kiti cha uani bila kuvua viatu, na mama akaja mbio kutoka jikoni.

"Wenye maduka wamekuja getini," baba alisema. "Mizani mbele, na watu zaidi ya sitini nyuma yake. Wanasema tumeficha maziwa. Wanataka ghala lifunguliwe. Nilipotoka kuzungumza nao, mmoja akanikunja shati. Wameniita mficha maziwa, mimi." Alishika pale vifungo vilipokatika. "Mtu amewaambia hata kwamba makopo hayana lebo, na Mizani hataki kumtaja. Hilo halijui mtu asiyeingia ndani."

Alimtazama Chiriku, aliyekuwa akichambua mchele.

"Mwanangu, siku ile ulipoleta chakula, ulikaa kwenye benchi?"

"Nilikaa, baba."

"Hukuingia ndani?"

"Sikuingia."

Uso wa baba ulilegea, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku kuliko kama angepigwa kofi. Baba alimwamini papo hapo, bila swali la pili.

"Nilijua," baba alisema. "Nilimwambia meneja kwamba mtoto wangu namjua. Basi yeye anasema ni Bi Safi. Ghalani tunaingia watu wawili tu, mimi ninayehesabu na yeye anayefagia. Na Ijumaa jioni ameonekana dukani kwa Mizani, amekwenda kununua sabuni. Amesimamishwa kazi leo. Ikithibitika ni yeye, hatarudi."

Mama alishika kiuno. "Bi Safi? Mama wa watu hata umbea wa mtaani hausikilizi."

"Nimesema hivyo hivyo. Meneja hataki kusikia."

Punje za mchele zilimtoka Chiriku vidoleni zikatawanyika chini. Alijua kabisa kwamba huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ulikuwa mbele yake, wazi, kama mlango. Akainama kuokota mchele, punje moja moja, mpaka wakati ukapita.

Bi Safi alikuwa jirani yao, nyumba ya pili, mjane mwenye mgongo ulioinama kidogo. Aliitwa hivyo kwa sababu vumbi na yeye hawakuwahi kupatana. Jumanne asubuhi hakwenda kazini. Chiriku alimwona akifagia mlangoni pake, akamaliza, akaanza tena pale pale palipokwisha kuwa safi. Wanawake wawili walipita na ndoo zao, wakasalimia bila kumtazama, kisha wakanong'ona.

Chiriku alibana vitabu kifuani akapita ng'ambo ya barabara, ameinamisha kichwa.

"Chiriku," sauti ya Bi Safi ilimfuata. "Mbona leo unanipita kama mti?"

"Shikamoo, Bi Safi."

"Marahaba, mwanangu. Nenda, usichelewe kuitwa namba shuleni."

Sauti ilikuwa ya upole. Chiriku alitamani ingekuwa kali. Shuleni hakujibu hata swali moja, mpaka mwalimu akauliza kama anaumwa. Akasema tumbo, ukawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Binti wa Mizani alikuja kumkumbatia mbele ya wote. "Wewe ndiye uliyetufumbua macho," alisema. Chiriku alitamani ardhi impasukie.

Jumatano alasiri alimkuta baba uani akishona vifungo vya shati, na mama ameketi karibu naye. Walikuwa wakizungumza, naye akapiga magoti kwenye beseni la vyombo na kuanza kuosha.

"Meneja ameanza kuogopa," baba alisema. "Wenye maduka wanarudi kesho. Anataka nitie sahihi makopo yatoke leo, watu watulie."

"Si utie tu?" mama aliuliza. "Watu wanataka maziwa, na maziwa yapo. Mimi mwenyewe nayataka."

"Maziwa hayajawa maziwa ya kuuza, mama watoto." Baba alikata uzi kwa meno. "Kopo likishafungwa na kuchemshwa, linalala ghalani siku kumi na nne. Halibandikwi lebo, haliuzwi. Linangojewa. Kama halikuzibwa sawasawa, au halikuiva vizuri, vijidudu vilivyobaki ndani hufanya kazi yao, na kopo huvimba. Mimi kila siku napita na kijiti changu, nagonga moja moja. Kopo zima hulia kivyake, bovu hulia kivyake. Zikitimia siku kumi na nne, mabovu yametupwa, mazima yanabandikwa lebo na kwenda sokoni. Leo ni siku ya kumi na moja tu. Jana nimetoa matatu yaliyovimba. Nikitia sahihi leo, nitajuaje ya kesho ni mangapi? Atakayekunywa ni mtoto wa nani?"

"Na usipotia?"

"Nikikataa, naweza kumfuata Bi Safi. Lakini sitii sahihi."

Mikono ya Chiriku ilisimama ndani ya maji. Hayakufichwa. Makopo yalikuwa yanangojewa, kwa ajili ya watu wale wale waliomkunja baba yake shati. Na yeye, kwa maneno mawili ya kujionyesha, alikuwa amemfanya mtu mwaminifu aitwe mficha maziwa, amemwondolea mjane mkate, na amemfukuzia mama yake mwenyewe wateja. Aibu ilikuwa nzito kiasi kwamba alishindwa kuinuka, akasema akiwa amepiga magoti pale pale.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliingia. Niliyaona makopo, nikamwambia binti wa Mizani. Nikasema yamefichwa." Alishika ukingo wa beseni. "Na juzi uliponiuliza, nilikudanganya."

Mama alitia mkono mdomoni. Baba aliendelea kushika sindano hewani, na Chiriku hakuthubutu kuinua macho. Aliona tu viatu vya baba, vumbi lake, kamba moja iliyofunguka.

"Nimekula kiapo kwa ajili yako," baba alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbele ya meneja. Nimesema, mtoto wangu akiniambia hakuingia, hakuingia."

Chiriku alianza kulia. Baba hakumbembeleza. Alivaa shati lenye kifungo kimoja kilichoshonwa, akafunga kamba ya kiatu.

"Futa mikono. Tunakwenda kwa Bi Safi kwanza. Meneja kesho."

Bi Safi aliwakaribisha, akavuta viti, akavipangusa ingawa havikuwa na vumbi. Chiriku hakuketi. Alisema yote kwa mara ya pili, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza, kwa sababu aliyekuwa mbele yake safari hii ndiye aliyeumia zaidi.

"Najua," Bi Safi alisema alipomaliza. "Nilikuwa nyuma ya rundo la mwisho siku ile, nafagia. Nilikuona ukiingia, nikakuona ukikimbia."

Baba alisimama. "Ulijua? Na umekaa kimya wakati unafukuzwa?"

"Ningesema nini, baba Chiriku? Mlango uliuacha wazi wewe. Ningemtaja mtoto, wewe ungetoka siku hiyo hiyo. Una watoto watatu. Mimi niko peke yangu na ufagio wangu." Alimgeukia Chiriku. "Lakini sitakudanganya, mwanangu. Asubuhi hizi mbili nilikuwa nafagia pale mlangoni nikikungoja. Nikasema, leo atakuja. Jana ulivuka barabara, nikaingia ndani nikalia."

Chiriku alipiga magoti, akamshika mkono.

Alhamisi asubuhi walikwenda kiwandani wote watatu. Baba alizungumza kwanza na hakutafuta kisingizio. Alisema mlango aliuacha bila ufunguo na kosa la kwanza ni lake. Chiriku akasema sehemu yake. Meneja, mtu mfupi mwenye miwani, aliivua na kuivaa mara tatu. Mwishowe alimtazama Bi Safi, akakohoa. "Tumekukosea," alisema. "Rudi kazini." Baba alipewa barua ya onyo, na funguo akanyang'anywa kwa mwezi mmoja. Kila asubuhi ya mwezi huo angelazimika kumwomba mwingine amfungulie ghala lake mwenyewe.

Nje, getini, wenye maduka walikuwa wameshafika. Mizani alikuwa mbele, ameshika kiuno.

"Fungueni," alisema. "Tumechoka kufanywa watoto."

"Mtasikia kwanza," baba alijibu, akamsogeza Chiriku mbele.

Watu wote walisogea karibu wakitaka kujua kinda hili litasema nini. Kulikuwa na mama za wenzake, dereva aliyetania chai, na wanawake wale wawili wenye ndoo.

"Mimi ndiye niliyesema maziwa yamefichwa," alisema. "Si Bi Safi, yeye hakusema na mtu. Ni mimi. Niliona makopo nisiyoyaelewa, sikuuliza. Niliongeza maneno ili nionekane. Hayakufichwa."

"Kama hayakufichwa, yanafanya nini humo?" Mizani aliuliza.

Baba alieleza zile siku kumi na nne, lakini watu wenye hasira hawali maelezo. Kwa hiyo aliingia ndani na kurudi na sinia. Juu yake yalikuwapo makopo matatu, vifuniko vyake vimetuna kama mashavu ya mpuliza tarumbeta. Akaweka ndoo chini, akampa Mizani msumari na nyundo.

"Wewe ndiye uliyetaka tufungue. Chagua moja."

Mizani alitazama huku na huku, akaona hawezi tena kurudi nyuma mbele ya watu. Akagonga. Kopo lilifoka, maji ya kijivu yakaruka hadi kifuani mwake, na harufu iliyotoka ilisukuma watu wote hatua tatu. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni muuza sukari, akaziba pua kwa kofia.

"Hilo lilikuwa kati ya yale mliyotaka leo," baba alisema taratibu. "Ungelibandika bei nzuri."

Hakuna aliyecheka sana. Watu waliangalia chini, mmoja mmoja akaanza kuondoka. Aliyemkunja baba shati alirudi peke yake, akamshika mkono, akasema neno ambalo Chiriku hakulisikia.

Kisha likatokea jambo ambalo mama yake alilisimulia kwa mwezi mzima. Wenye maduka walipiga hesabu kwamba Jumapili makopo yatatoka kiwandani na bei itashuka. Aliyekuwa ameficha aliona sasa yeye ndiye mjinga wa mwisho. Kabla ya Alhamisi kwisha, makopo yalirudi rafuni soko zima, na kwa Mizani yalijaa hadi dirishani.

"Kumbe yalikuwapo," mama alimwambia Mizani akichagua matatu kwa raha zake. "Kiwanda hakikuficha, lakini kuna waliokuwa wameficha, eti?"

Mizani alipima sukari ambayo hakuna aliyeiagiza.

Chiriku alidhani yamekwisha. Jumamosi asubuhi Bi Safi alikuja kumwomba kwa mama yake.

"Vaa viatu," alisema. "Getini walikuwa watu sitini, lakini jina langu limezunguka soko zima. Tutalifuata."

Walianzia kwenye duka la kwanza mkono wa kulia. Chiriku aliingia, akaamkia, akasema: "Nimekuja kueleza kwamba maneno ya kiwandani hakuyatoa Bi Safi. Niliyatoa mimi, na yalikuwa ya uongo." Bi Safi alisimama kando, mgongo wake umenyooka kidogo kuliko kawaida. Duka la pili. La tatu. Wengine walitikisa kichwa, wengine waliwapa pole. Muuza viatu alisema yeye hata hakuwahi kusikia habari hizo, akataka sasa aelezwe tangu mwanzo, na Chiriku akalazimika kuifungua aibu yake yote kwa mtu aliyekuwa hana habari nayo. Kwa Mizani, binti yake alikuwa kwenye kaunta. Chiriku alisema maneno yale yale. Binti alitazama vidole vyake, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilisambaza," na Mizani mwenyewe akamkabidhi Bi Safi mche wa sabuni bila kuupima.

Mwisho walifika kituo cha mabasi, kwenye kibanda cha mama. Kijana wa kukatisha tiketi alimsikiliza Chiriku, akakuna kichwa.

"Mimi nimeelewa," alisema. "Lakini Jumatatu kulikuwa na abiria wengi hapa, wakati wa vurugu. Walisikia kwamba mfagiaji wa kiwandani ni mwizi wa siri za kiwanda. Mmoja alikuwa anamtaja kabisa, yule mjane anayeitwa Bi Safi. Wameshapanda, wameshakwenda zao."

"Wamekwenda wapi?" Chiriku aliuliza.

"Watu wa safari hao. Kila mtu na kwao."

Chiriku alitazama barabara. Hapakuwa na duka la kuingia wala mtu wa kuamkia. Machozi yalimlenga, akamgeukia Bi Safi.

"Hao nitawaambiaje?"

"Hao hutawaambia," Bi Safi alisema. Alimshika bega, na mkono wake ulikuwa mzito na mkavu kwa sababu ya sabuni. "Mimi nimekusamehe tangu Jumatano, na leo umenirudishia jina langu mahali pote ulipoweza kufika. Lakini ujue kuna mahali ambapo mpaka nife nitakuwa mwizi. Kwa hiyo, mwanangu, ukiona jambo usilolielewa, uliza kabla hujalisema, kwa maana kuuliza si ujinga. Na ukishakosea, kiri siku ile ile, kabla basi halijaondoka."

Mama aliwawekea vikombe viwili vya chai ya maziwa. Bi Safi alikunywa. Chiriku alikishika chake mpaka kikapoa, akiitazama barabara.